Fangasi, jeni na utumbo unaovimba: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu zimefanana kwa neno moja: fangasi. Mmoja ameambiwa na muuza dawa kwamba fangasi wamejaa tumboni, mwingine amesoma kwamba ugonjwa wa mtoto wake unaletwa na jeni na fangasi kwa pamoja, mwingine anataka kujua kama aache mkate. Karibu wote mnaulizia magonjwa mawili, ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, ambayo madaktari huyaita kwa jina moja IBD. Kwa wasioyafahamu: katika yote mawili kinga ya mwili huuvimbisha utumbo miaka na miaka, mara hali inapoa, mara inawaka. Crohn hupiga popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, hasa pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na huchimba unene wote wa utumbo. Kolaitisi ya vidonda hubaki kwenye utumbo mpana, huanzia chini na kupanda, na hula utando wa ndani tu.

Naanza na swali lenye haraka kuliko mengine.

Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Mwanza. Naharisha damu mwezi wa tano sasa na nimekonda sana. Muuza dawa aliniambia ni fangasi wa tumbo, nimemeza flukonazoli wiki tatu bila nafuu. Sasa nasikia kuna ugonjwa unaitwa Crohn. Ndio wenyewe?

Marahaba, mwanangu. Siwezi kusema ni Crohn, na hakuna anayeweza kusema hivyo bila kukupima. Ninachojua ni kwamba kuharisha damu miezi mitano huku unakonda ni sababu ya kwenda hospitali wiki hii hii, tena hospitali ya rufaa yenye kipimo cha kamera ya kutazama ndani ya utumbo. Duka la dawa limeshafika mwisho wake.

Kwa mtu wa Mwanza yapo magonjwa ya kutazamwa kabla ya Crohn. Kichocho cha tumbo kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria na huleta choo chenye damu. Amiba hali kadhalika. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa hupata maambukizi ya utumbo ya kila namna. Saratani ya utumbo mpana nayo huwapata hata vijana. Halafu ipo TB ya tumbo, ambayo huwasumbua hata mabingwa.

TB ya tumbo hupenda palepale Crohn inapopapenda, kwenye maungio ya utumbo mwembamba na mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Homa za jioni, kukonda, maumivu, vidonda, utumbo kubana: yote hayo yanafanana. Hata kinyama cha utumbo kikichukuliwa na kupelekwa maabara, magonjwa yote mawili huonyesha vifundo vya seli za kinga. Tofauti iko kwenye tiba, na hapo ndipo watu wanapopoteza maisha. Dawa za Crohn huipunguza nguvu kinga ya mwili; ukimpa mwenye TB, TB inasambaa. Ukimpa steroidi, mojawapo ya dawa hizo, mwenye amiba, utumbo wake unaweza kutoboka. Kwa hiyo daktari anaweza kukuanzishia dawa za TB kwanza, kisha akarudia kamera baada ya miezi miwili au mitatu aone kama vidonda vimefunga. Akikuambia hivyo usidhani anabahatisha. Katika nchi zenye TB nyingi ndivyo inavyofanyika pale vipimo vinapogoma kutoa jibu.

Flukonazoli ni dawa nzuri kwa kazi yake: utando mweupe wa kinywani, fangasi wa ukeni, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Haitibu kichocho, haitibu amiba, haitibu TB. Inaweza kuchosha ini na hugongana na dawa nyingi. Achana nayo, na umwambie daktari kwamba uliitumia. Tumbo likikaza ghafla, homa ikapanda, au damu ikatoka nyingi hadi ukaona kizunguzungu, nenda siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Mimi ni mwanafunzi wa biolojia Nairobi. Kila mtu husema utumbo umejaa bakteria. Hao fangasi wako kweli, ama ni maneno ya wauzaji wa dawa za kusafisha tumbo?

Wako kweli, kwako, kwangu na kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Ukihesabu kwa vinasaba, fangasi ni kama sehemu moja katika elfu ya viumbe vidogo vya utumbo, wakati mwingine pungufu ya hapo. Lakini seli moja ya fangasi ni kubwa mno mbele ya bakteria, na ukuta wake umejengwa kwa sukari ambazo kinga yetu inazitambua haraka. Wanaoonekana mara nyingi ni kandida, jamaa za hamira, na Malassezia, ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake kichwani: ndiye anayehusika na mba.

Kilichowafanya wanasayansi wageuze macho ni utafiti wa mwaka 2012 uliotoka kwenye maabara ya David Underhill katika hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, ukiongozwa na Iliyan Iliev. Walichukua panya wasio na Dectin-1, protini inayokaa juu ya seli za kinga na kunasa ukuta wa fangasi. Panya hao walipopewa kemikali ya kuchubua utumbo, waliugua vibaya kuliko panya wa kawaida, na dawa ya kuua fangasi iliwapunguzia. Kisha wakaangalia watu wenye kolaitisi ya vidonda. Wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mkali na haukusikia dawa walikuwa na aina fulani ya jeni ya Dectin-1 zaidi ya wengine. Mwaka 2017 timu ya Harry Sokol ya Paris ikaonyesha kwamba wagonjwa wa IBD wana Candida albicans wengi zaidi na hamira ya kawaida pungufu kuliko watu wazima wa afya.

Ila tofauti hiyo peke yake haisemi nani alianza. Utumbo uliovimba nao hubadilisha wakazi wake. Mwanafunzi wa biolojia ashike hilo kabla ya kushika kitu kingine.

Naishi Toronto. Binti yangu ana Crohn tangu akiwa na miaka 16. Amejiunga na utafiti, na kwenye majibu wametaja jeni iitwayo CARD9. Ni jeni gani hiyo, na fangasi wanaingilia wapi?

Mama, umeuliza swali ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika uwanja huu, kwa hiyo nivumilie nikienda taratibu.

Jeni ya kwanza kufungwa kwa uhakika na Crohn iligunduliwa mwaka 2001, na makundi mawili kwa wakati mmoja, moja likiwa la Ufaransa. Inaitwa NOD2, iko kwenye kromosomu ya 16, na kazi yake ni kunusa vipande vya ukuta wa bakteria. Baada ya hapo orodha ikakua: mwaka 2012 ilifika sehemu 163 za vinasaba, na leo zimepita 200. Kila moja, kasoro chache, inaongeza hatari kidogo sana. Hata mtu mwenye nakala mbili mbovu za NOD2, ambaye hatari yake imepanda mara nyingi, uwezekano mkubwa ni kwamba hataugua maisha yake yote.

CARD9 ni mojawapo ya jeni hizo, na ndiyo inayotupeleka kwa fangasi. Seli ya kinga inapomgusa fangasi kwa Dectin-1, habari haiendi moja kwa moja kwenye kiini cha seli. Inapitia CARD9, kama habari ya mgeni mtaani inavyopitia kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla haijafika serikalini. CARD9 ikishapokea, seli huanza kutoa kemikali za kuita msaada, na mwishowe mwili huandaa kikosi kiitwacho seli za Th17, ambacho ndicho kinachowazuia fangasi wasivuke mpaka wa utumbo na ngozi.

Sasa tazama kinachotokea jeni hii ikibadilika, kwa namna tatu tofauti.

Wapo watu wachache sana duniani waliorithi CARD9 isiyofanya kazi kabisa, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mwaka 2009 ilielezwa familia ya Iran yenye hali hiyo. Kandida, ambaye kwetu sote ni mpangaji tu, kwao aliingia hadi kwenye ubongo na kuua. Baadaye zikaonekana familia za Algeria, Moroko na Tunisia ambazo fangasi wa kawaida wa ngozi walichimba hadi ndani ya mwili. Hapo tulijifunza kwamba bila CARD9 fangasi hawazuiliki.

Ya pili ni ile iitwayo S12N, na nadhani ndiyo aliyotajiwa binti yako. Herufi moja ya vinasaba imebadilika. Imeenea mno, wengi walio nayo ni wazima kabisa, ila inaongeza kidogo hatari ya Crohn na kolaitisi. Inaelekea mjumbe huyu anapiga kelele kupita kiasi. Mwaka 2019 maabara ileile ya Los Angeles ilimkuta Malassezia restricta, yule wa mba, amejibandika kwenye utando wa utumbo wa wagonjwa wa Crohn, hasa wenye S12N. Seli za kinga za watu hao zilipokutanishwa naye zilitoa kemikali za uvimbe kwa wingi. Walipompanda kwenye utumbo wa panya, kolaitisi ilizidi. Lakini panya walioondolewa CARD9 hawakuzidiwa.

Ya tatu ni adimu, iligunduliwa 2011. Inakata mkia wa protini ya CARD9, na wenye nayo wanakingwa dhidi ya IBD. Mjumbe yupo, anaongea, lakini kwa sauti ya chini. Wapo wanaotafuta dawa ya kuiga hali hiyo, kuishusha CARD9 bila kuizima.

Kwa nini nasisitiza bila kuizima? Kwa sababu kuna somo la uchungu. Wanasayansi waliona kikosi cha Th17 na kemikali yake IL-17 vimejaa kwenye utumbo wa wenye Crohn, wakafikiri wakiizuia ugonjwa utapoa. Majaribio ya dawa ya secukinumab, yaliyochapishwa 2012 kwa wagonjwa 59, yakatoa kinyume: waliopewa dawa hawakupata nafuu, baadhi walizidiwa, na maambukizi ya fangasi yakaongezeka. Dawa hiyohiyo inawasaidia sana wenye soriasisi ya ngozi. Utumbo una sheria zake.

Kwa binti yako, S12N haibadilishi tiba ya leo. Haimaanishi ana fangasi wa kuuawa. Aendelee na dawa alizopangiwa, na kama utafiti utamuomba sampuli nyingine, mimi ningemshauri atoe.

Mimi na ndugu yangu ni mapacha wa kufanana. Yeye amegundulika ana Crohn mwaka jana. Mimi nisubiri zamu yangu?

Hapana. Vinasaba vyenu ni vilevile, na bado kwa mapacha wa kufanana mmoja akiwa na Crohn mara nyingi zaidi mwenzake hapati. Kwa kolaitisi ya vidonda wanaougua wote wawili ni wachache zaidi. Ukitaka ushahidi kwamba jeni hazitoshi, wewe mwenyewe ndiye ushahidi. Hatari yako imepanda kuliko ya jirani yako, hilo sikufichi. Kwa hiyo usivute sigara, maana sigara huichochea Crohn kwa namna iliyothibitishwa vizuri, na usimeze antibayotiki kiholela. Ukianza kuharisha wiki kadhaa, kukonda, au kupata jipu na usaha karibu na njia ya haja kubwa, mtajie daktari habari za pacha wako mapema. Itawaokolea wote muda.

Mwanangu wa kiume ana kolaitisi, tunaishi Mombasa. Jamaa wanasema hilo ni gonjwa la Wazungu, eti labda amerogwa. Niwajibu nini?

Waambie kwamba utumbo wa mwanao una vidonda vinavyoonekana kwa kamera na kuthibitishwa kwa darubini, na kwamba kuna dawa. Hajarogwa.

Kuhusu Wazungu: ni kweli Crohn ilielezwa rasmi New York mwaka 1932 na Burrill Crohn na wenzake wawili, na kwa miongo mingi hesabu kubwa zilitoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Lakini tazama mji wa Leicester, Uingereza. Wahindi wengi walihamia huko kutoka Uganda, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, na wengine kutoka Kenya. Madaktari wa Leicester walipohesabu, matokeo yaliyotoka mwaka 1992 yalionyesha kolaitisi ya vidonda ni nyingi zaidi kwa Waasia hao kuliko kwa Wazungu wa mji huohuo. Watu hawabadilishi jeni kwa kupanda ndege. Kilichobadilika ni chakula, hewa, dawa, na bila shaka viumbe vya utumboni.

Jambo linaloniuma mimi ni hili: ramani ya jeni za IBD imechorwa kwa damu ya Wazungu. Zile aina mbovu za NOD2 zilizosifika Ulaya karibu hazipo Japani wala China, na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika zinapoonekana, kwa kiasi kikubwa zimetoka kwenye upande wao wa Ulaya. Utafiti mkubwa wa 2017 kwa Wamarekani hao ulikuta sehemu za vinasaba zinazohusiana na asili ya Afrika, ambazo Ulaya hazikuwahi kuonekana. Kwa hiyo ukiona kampuni inakuuzia kipimo cha mate cha kutabiri Crohn, jua kimepimwa kwa watu wengine. Kwa mtoto wa Mombasa kikisema hana hatari, hakijasema kitu. Afrika Mashariki tunahitaji tafiti zetu, na vipimo vya kamera vya kutosha, maana ugonjwa usiopimwa huonekana haupo.

Niache mkate wenye hamira? Na togwa, mtindi na mbege je? Nina Crohn iliyotulia. (Moshi)

Nimepokea swali hili kwa namna nyingi, na najua linakotoka. Tangu 1988 inajulikana kwamba wenye Crohn wengi wana kingamwili dhidi ya hamira, Saccharomyces cerevisiae. Hupimwa na kuitwa ASCA, na kwa zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa hutoka chanya. Watu wakahitimisha kwamba hamira ndiyo adui. Lakini kandida naye anaweza kuuamsha mwili utengeneze kingamwili hizohizo, kwa kuwa kuta zao zinafanana. Na hamira ya mkate hufa tanurini. Mkate ukikuumiza, huenda ni ngano yenyewe inayokujaza gesi. Kula kinachokukubali.

Mtindi na togwa sina sababu ya kukunyima ugonjwa ukiwa umetulia, ilimradi vimetengenezwa kwa usafi na maziwa yamechemshwa. Mbege ni pombe. Kidogo huenda isikudhuru, lakini ikiwa unatumia methotreksati au dawa nyingine inayolemea ini, iache.

Aliyenishangaza ni fangasi wa jibini. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kwenye vidonda vya utumbo wa wagonjwa wa Crohn, palepale penye jeraha, walimkuta Debaryomyces hansenii. Huyu hutumika viwandani kukomaza jibini na nyama za kukaushwa kwa chumvi. Kwa panya aliwafanya wachelewe kupona majeraha ya utumbo. Je, ule jibini au uache? Hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha kwamba kuacha jibini kunaponya Crohn. Mimi simkatazi mgonjwa, na kwa Moshi jibini la aina hiyo si chakula cha kila siku hata hivyo.

Famasi nako wanauza vidonge vya hamira iitwayo Saccharomyces boulardii. Ilijaribiwa Ufaransa kwa wagonjwa 165 wa Crohn kwa mwaka mzima, na ugonjwa ulirudi kwa karibu nusu ya watu katika makundi yote mawili, waliomeza na wasiomeza. Hifadhi pesa yako. Na mgonjwa aliyelazwa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu asipewe kabisa, kwa sababu hamira hiyo imewahi kuingia kwenye damu za watu.

Walipima choo changu wakakuta kandida. Nina kolaitisi ya vidonda. Kwa nini daktari wangu hataki kunipa dawa ya fangasi?

Kwa sababu daktari wako anafikiri. Kandida kwenye choo ni jambo la kawaida, watu wengi wazima wanaye. Kumkuta hakuthibitishi kwamba ndiye mkosaji.

Zaidi ya hapo, kandida wote si sawa. Mwaka 2016 wanasayansi wa King's College London na wenzao waligundua sumu ndogo inayotolewa na Candida albicans anapogeuka kutoka umbo la duara na kuwa nyuzi, wakaiita kandidalisini, inatoboa seli. Mwaka 2022 Iliev, akiwa sasa New York, alichukua kandida kutoka kwenye utumbo wa wagonjwa wa kolaitisi mmoja mmoja, na akakuta wengine ni wapole na wengine wanaharibu seli vibaya kwa sumu hiyo. Aina yote ni Candida albicans, maabara ya kawaida itaandika jina moja. Kilichofuatana na ukali wa uvimbe kilikuwa tabia ya yule kandida, si wingi wake. Kipimo cha choo ulichofanyiwa hakiwezi kuona hilo.

Kuua fangasi wote nako kuna gharama. Kumbuka panya wa 2012 walionufaika na flukonazoli. Mwaka 2016 maabara hiyohiyo iliwapa panya wa kawaida dawa za fangasi kwa muda mrefu, na kolaitisi yao ikazidi: kandida walipungua, fangasi wengine wasiozoeleka wakajaza nafasi. Tena kuna tafiti za panya zinazoonyesha kwamba fangasi wachache utumboni huifundisha kinga kazi na kuuimarisha ukuta wa utumbo. Siku itakuja ambapo tutapima kandida wa mgonjwa na jeni zake, kisha tuchague nani apewe dawa. Leo bado. Kama una utando mweupe kinywani au unameza chakula kwa maumivu, hilo ni jambo jingine, rudi ukatibiwe.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Mjukuu wangu ana miezi mitano. Anaharisha damu tangu akiwa na wiki chache, ana vidonda na usaha njia ya haja, hakui. Wazazi wake ni binamu. Nasikia ni mzio wa maziwa. Tusubiri?

Waalaykum salaam, bibi. Msisubiri. Mzio wa maziwa ya ng'ombe ni kweli huleta damu kwenye choo cha mtoto mchanga, lakini haumletei usaha njia ya haja wala haumzuii kukua kiasi hicho.

Hapa ndipo mahali ambapo kipimo cha jeni kina kazi kubwa kuliko popote katika barua zote za leo. IBD inayoanza katika miezi ya mwanzo, hasa wazazi wakiwa na undugu wa damu, inaweza kuwa jeni moja tu iliyoharibika kutoka pande zote mbili. Mwaka 2009 watafiti walieleza watoto wa namna hii ambao kipokezi cha IL-10, kemikali inayoutuliza uvimbe, hakikufanya kazi. Dawa za kawaida haziwafai. Upandikizaji wa uboho ulimtuliza mmoja wao ugonjwa, na tangu hapo umefanyika kwa watoto wengine wengi. Huko Wisconsin, Marekani, mtoto wa kiume aliyekwisha kufanyiwa upasuaji mwingi wa utumbo alisomwa vinasaba vyake, ikaonekana jeni ya XIAP ina kasoro, akapandikizwa seli za damu ya kitovu, na utumbo wake ukatulia.

Mwombeni daktari wa watoto awapeleke kwa bingwa wa kinga za watoto na wa vinasaba, na mtumie maneno haya: IBD ya watoto wachanga. Asipewe chanjo yenye vijidudu hai, kama ya rota au ya surua, mpaka kinga yake itazamwe. Na wazazi wasilaumiane. Wamerithi walichorithi bila kujua, na jibu la jeni litawasaidia hata kwa ujauzito ujao.

Nimeandikiwa azathioprini kwa ajili ya Crohn. Rafiki yangu Ulaya alipimwa jeni kwanza. Hapa hawakunipima. Nikatae?

Usikatae, lakini uliza. Azathioprini, dawa ya kuipunguza nguvu kinga, huvunjwa mwilini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho TPMT. Wachache mno wamerithi nakala mbili mbovu za jeni yake. Kwao kipimo cha kawaida cha dawa huua uboho na chembe nyeupe za damu hushuka hadi hatari ya kufa. Waafrika nao wana aina yao ya kasoro hiyo, iitwayo TPMT*3C, kwa hiyo si suala la Ulaya peke yake. Kwa Waasia wa mashariki ni jeni nyingine, NUDT15, iliyogunduliwa kuhusika mwaka 2014.

Kama kipimo cha jeni hakipatikani, njia salama ipo: kuanza na dozi ndogo, kupima damu kamili kila wiki mwanzoni, kisha kuachanisha vipimo hivyo taratibu dozi ikishatulia. Mwombe daktari akuandikie tarehe hizo za vipimo kabla hujatoka chumbani kwake. Mtajie pia kama unatumia alopurinoli ya jongo, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana bila kupunguza dozi ni hatari. Ukipata homa, koo likakuuma au vidonda vikatoka kinywani, usisubiri tarehe ya kliniki; damu ipimwe siku hiyo hiyo.